Kutafuta neno si kusoma gazeti

Siku hizi mtu anaweza kuandika tasnifu nzima kuhusu London ya miaka ya 1700 bila kufungua gazeti hata moja. Anaandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia, matokeo yanamiminika, ananakili yanayomfaa, kisha kwenye tanbihi anataja jina la gazeti, tarehe na ukurasa kana kwamba alikaa nalo mezani tangu asubuhi. Nazipenda mno hifadhi hizi za kidijitali na natamani kila mwanafunzi wa historia azitumie. Kinachonikera ni tabia hii, maana inamficha msomaji jambo ambalo ana haki ya kulijua: gazeti lile limesomwa na mashine, tena mashine inayokosea sana.

Chukua mkusanyo wa Burney. Charles Burney alikuwa kasisi na mwalimu, na alipofariki mwaka 1817 aliacha majuzuu karibu 700 ya magazeti, karatasi ambazo watu wengi walizisoma na kuzitupa. Mwaka uliofuata British Museum ikainunua maktaba yake yote kwa pauni 13,500. Leo ndio mkusanyo mkubwa kuliko yote wa magazeti ya Kiingereza ya karne ya 17 na 18, kurasa karibu milioni moja. Tunamdai mzee huyo shukrani kubwa. Kurasa hizo zilipigwa picha za mikrofilmu, yaani filamu yenye picha ndogo sana za kurasa, na zilipowekwa kwenye intaneti mwaka 2007, picha hizo hizo za mikrofilmu ndizo zilizotumika.

Sasa fikiria programu inayojaribu kusoma picha ya picha. Karatasi ni nyembamba na wino wa upande wa pili umepenya. Herufi za risasi zimechakaa, mistari inapinda karibu na mshono wa juzuu. Zaidi ya hayo, wachapaji wa enzi hizo walitumia S ndefu, inayofanana na F isipokuwa kijistari chake hakivuki upande wa pili. Programu inaisoma F. "Ship" inageuka "fhip", "master" inageuka "mafter", na "slave", yaani mtumwa, inageuka "flave". Gazeti la The Times la London liliacha S hiyo mwaka 1803, kwa hiyo tatizo limeenea karibu mkusanyo mzima wa Burney. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulipima kazi ya mashine na kukuta kwamba ilipatia asilimia 65 tu ya maneno. Kwa maneno yenye uzito, yale ambayo mtafiti huyatafuta, ilipatia asilimia 48. Zaidi ya nusu ya unachokitafuta kinaweza kuwa mbele yako na usikione!

Nani anapotea hapo? Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Glasgow kilitoa hazinadata ya matangazo zaidi ya 800 ya magazeti ya kati ya mwaka 1700 na 1780, yanayohusu watumwa waliotoroka mabwana zao ndani ya Uingereza yenyewe. Wengi wao walikuwa Waafrika. Tangazo la namna hii huwa na mistari michache, limebanwa katikati ya farasi aliyepotea na dawa ya meno. Linataja umri wa kijana, rangi ya koti lake, makovu usoni, namna anavyozungumza Kiingereza, pengine pete ya shaba iliyofungwa shingoni ikiwa na jina la bwana wake, halafu zawadi kwa atakayemrudisha. Mara nyingi mistari hiyo ndiyo kumbukumbu pekee tuliyo nayo ya mtu huyo. Mashine ikikosea maneno mawili tu, ametoroka mara ya pili, safari hii kutoka kwenye historia.

Ndiyo maana siukubali utafiti unaosema "magazeti hayakuzungumzia jambo hili" kwa sababu tu matokeo yalikuwa sifuri. Soma ukurasa mzima, pamoja na matangazo. Soma toleo la jana yake na la kesho yake. Jaribu tahajia mbovu, na tahajia za enzi ile pia: Sultani Barghash wa Zanzibar alipozuru Uingereza mwaka 1875, waandishi wengi walimwita "Burghash", na asiyelijua hilo atadhani ziara ile haikumshughulisha mtu. Halafu usihesabu matokeo kumi kama ushahidi kumi, kwa kuwa magazeti ya mikoani yalinakili ya London neno kwa neno. Na kwenye tanbihi sema wazi kwamba ulifika hapo kwa kutafuta neno.

Suala la fedha nalo linaniuma. British Newspaper Archive, hifadhi ya mtandaoni ya magazeti ya Uingereza iliyoanza mwaka 2011, inalipisha, ingawa mwaka 2021 ilifungua sehemu ya kurasa zake bure. Burney hufikiwa zaidi kupitia vyuo vilivyolipia. Wakati huohuo Maktaba ya Taifa ya Wales imeweka magazeti yake bure, New Zealand vilevile, na Australia, kupitia Trove, hifadhi ya mtandaoni ya maktaba yake ya taifa, inamruhusu msomaji yeyote kurekebisha makosa ya mashine, mstari kwa mstari. Magazeti ya Burney yalinunuliwa kwa fedha za umma miaka mia mbili iliyopita. Yafunguliwe kwa njia hiyo ya Trove, na wasomaji waanze na yale matangazo ya waliotoroka.