Samsø wana waya wa baharini kama sisi, ila wao wanauza

Jirani yangu wa ghorofa ya chini hapa Aarhus, Denmark, mama mstaafu, hafui nguo mpaka aangalie upepo. Kila mchana anafungua simu kutazama bei za umeme za kesho, na akiona usiku kutavuma sana, mashine anaitega saa nane za usiku, maana saa hizo umeme unakuwa rahisi mno. Kuna nyakati bei ya sokoni inashuka chini ya sifuri, unabaki kulipa kodi na gharama za waya tu. Juzi tumekutana ngazini ananambia, "Leo usiku kuna upepo, na wewe tega zako." Nikatega. Usingizi ukanipaa kwa hasira, kwa sababu upepo hata kwetu Zanzibar upo.

Upepo upo, jamani. Waliokuwepo Unguja Disemba 2009 sina haja ya kuwahadithia. Waya wa baharini unaotuletea umeme kutoka bara ulipata hitilafu tarehe 10 ya mwezi ule, umeme umerudi Machi 2010. Sisi wa Jang'ombe maji yaliondoka pamoja na umeme, kwa kuwa pampu za visimani zinakwenda kwa umeme, na mama zetu wakarudi kwenye foleni za ndoo. Darajani kila duka lilitoa jenereta lake barazani, ukiuliza bei ya kitu husikii jibu. Kuna mama mtaani kwetu alikuwa akisomesha wanawe kwa malai na barafu. Friza lake alilifungua mlango na kuliweka uani lisinuke, likakaa vile wiki baada ya wiki, mwisho akaliuza kwa bei ya chuma chakavu. Umeme uliporudi, yeye hakuwa tena na biashara.

Sasa itazameni miezi yenyewe, Disemba mpaka Machi. Hiyo si ndiyo kaskazi? Upepo ule ule uliokuwa ukileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi ulikuwa ukivuma juu ya mapaa yetu, jua linachoma mabati mpaka hayashikiki, na chini ya mabati hayo watu wamekaa na vibatari. Na kiza cha mwaka 2008, Mei hadi Juni, kilitukuta kusi inaingia. Mara zote mbili tulikaa kizani na nguvu yenyewe inapita vichwani mwetu.

Kilichonizidishia uchungu ni kisiwa cha Samsø, huku huku Denmark. Unapanda feri Hou, mwendo wa kama saa moja unateremka Sælvig. Ni kisiwa cha wakulima wa viazi, watu wake hawafiki 4,000. Mwaka 1997 serikali ya Denmark ilishindanisha visiwa kutafuta kimoja kitakachojitosheleza kwa nishati jadidifu ndani ya miaka 10, Samsø ikashinda. Mwaka 2000 wakasimamisha mitambo 11 ya upepo nchi kavu, kila mmoja megawati 1. Mwaka 2003 wakamaliza mingine 10 baharini upande wa kusini, kila mmoja megawati 2.3. Jumla megawati 34. Waya unaotoka Tanga kwenda Pemba, uliojengwa mwaka 2010 kwa msaada wa Norway, uwezo wake ni megawati 20, na Pemba ina watu zaidi ya nusu milioni. Najua megawati za upepo si za kutegemea saa zote, upepo ukilala na mtambo unalala. Lakini wakulima wa viazi wamejenga mitambo yenye uwezo kupita waya mzima wa Pemba, na hilo halinitoki kichwani.

Tena Samsø nao wameunganishwa na bara lao kwa waya wa chini ya bahari. Upepo ukilala wanachukua kutoka Jutland, ukivuma wanapeleka, na ukipiga hesabu ya mwaka wanapeleka kuliko wanavyochukua. Sisi tumeunganishwa Ras Kiromoni na Fumba tangu 1980, na tangu 1980 umeme unakuja upande mmoja na malipo yanakwenda upande wa pili.

Nishawasikia. "Huyu kashazoea siagi ya Wazungu, sasa anatuona washamba." Hapana. Mie ni mtoto wa Jang'ombe, na hela ninazotuma nyumbani kila mwezi nyingine zinaishia kwenye uniti za TUKUZA, umeme wetu wa kulipia kabla, kwa hiyo haki ya kusema ninayo. Wala sikusema Wadenmark wana akili kutushinda. Mwaka 1973 zaidi ya asilimia 90 ya nishati yao ilikuwa mafuta ya kuagiza, na mafuta yalipopanda bei walishikika pabaya mpaka serikali ikapiga marufuku magari binafsi siku za Jumapili. Watu walitembea kwa miguu kwenye barabara kuu. Nchi iliaibika, na ikaikumbuka aibu yake. Mwaka 1978 kikaanzishwa kituo cha kupimia mitambo ya upepo pale Risø, na 1979 serikali ikaanza kumlipia asilimia 30 ya gharama kila anayesimamisha mtambo. Mwaka 1991 wakajenga Vindeby, shamba la kwanza la upepo baharini duniani. Leo zaidi ya nusu ya umeme wao unatoka kwenye upepo. Wao walikosa Jumapili chache za magari. Sisi tulikosa umeme miezi mitatu, na tulichojenga baada yake ni kituo cha majenereta ya dizeli Mtoni kwa fedha za wafadhili, kisha waya mkubwa zaidi.

Waya wa 2013 siubezi. Megawati 100, fedha za Wamarekani, na umetuokoa. Lakini mtu akikuongezea unene wa kamba uliyoning'inia, bado unaning'inia.

"Wao matajiri, sisi maskini." Hili ndilo jibu ninalolisikia zaidi na ndilo linalonichosha zaidi, kwa sababu Samsø hawakumwagiwa fedha. Serikali ilifanya kitu ambacho hakihitaji utajiri, ilihitaji neno lake liaminike: iliweka bei ya uhakika ya kununua umeme wa upepo kwa miaka 10. Mkulima akaichukua bei ile akaenda nayo benki, benki ikaona mkopo utalipika, ikakopesha. Wenye uwezo wakanunua mtambo mzima, wasio nao wakanunua hisa. Manispaa yenyewe ikachukua mitambo 5 kati ya ile 10 ya baharini. Ndiyo maana hakukuwa na ugomvi mkubwa wa mitambo kuharibu mandhari. Mtambo ni wa jirani yako, au ni wako. Na Wadenmark hawakupewa bure, kwa miaka mingi kila bili ya umeme nchini kote ilikuwa na tozo ya kugharamia nishati hii. Walilalamika, wakalipa.

Sasa niambieni, Zanzibar nini hakipo katika hayo? Benki tunayo, PBZ. Mfuko wa wafanyakazi tunao, ZSSF, ndio uliojenga Michenzani Mall. Kwa nini akiba ya mwalimu na nesi ijenge maduka isiweze kumiliki shamba la sola? Ardhi tunayo. Msinambie kisiwa kidogo, kisiwa cha kilimo. Kusini na mashariki kuna eneo kubwa la mawe matupu ambako hata muhogo unahangaika. Na kabla hatujagusa ardhi kuna mapaa ya skuli zote za serikali, ya hospitali, ya mahoteli kuanzia Nungwi hadi Makunduchi, ambayo umeme ukiondoka yananguruma dizeli ili mgeni asizimikiwe na kiyoyozi.

Na serikali ya nchi yetu ikiamua kujenga, inajenga. Mie ni wa kwanza kujivunia Bwawa la Julius Nyerere. Wakubwa wa dunia walilipinga, tukalijenga kwa fedha zetu, trilioni 6 na nusu, mitambo 9, megawati 2,115. Picha za bwawa hilo la Mto Rufiji niliwaonesha wenzangu kazini, watu ambao upepo ndio mazungumzo yao ya kila siku, wakabaki kuuliza maswali mpaka muda wa chakula ukaisha. Kwa hiyo asinambie mtu kwamba hatuwezi.

Hapo atasimama mwengine: "Basi si umejibu mwenyewe? Bwawa lishajaa umeme, sola ya nini?" Muulize aliyekuwepo Dar es Salaam mwishoni mwa 2022 mgao wa umeme ulikuwaje mito ilipokauka. Bwawa ni la mvua. Denmark na Norway wamelijua hili tangu miaka ya 1970 walipounganishwa kwa waya za Skagerrak. Norway ina mabwawa, Denmark ina upepo. Upepo ukivuma, Norway inanunua kwa jirani na maji yake yanabaki bwawani. Upepo ukilala, Norway inafungulia maji na Denmark inanunua. Hebu tazama na sisi: bara kuna bwawa, visiwani kuna jua na kaskazi na kusi. Kila uniti tutakayoizalisha Makunduchi mchana wa jua ni maji yanayobaki Rufiji kwa ajili ya usiku. Sisemi tukate waya. Nasema waya ufanye kazi pande zote mbili.

Hili nalielekeza kwa wale watakaosema naingiza maneno ya Muungano. Machi 2017 Rais Magufuli aliiagiza TANESCO, shirika la umeme la bara, iwakatie umeme wadaiwa wote, na Zanzibar ilitajwa kwa deni la zaidi ya shilingi bilioni 120. Mnakumbuka tulivyotukanana mitandaoni wiki ile, huku na kule. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na ndugu mwenyewe huchoka. Anayeupenda Muungano angetaka sana tuwe na cha kuuza, ili mwisho wa mwaka madeni yakatwe kwa madeni.

"Rudi basi uje ujenge wewe." Mwenye neno hili hajui gharama ya kilowati moja. Hii si kazi ya mtu na begi lake. Bei ya uhakika inatangazwa na serikali, na laini ya kupokea umeme wa shehia inavutwa na serikali. Hayo mawili yakifanyika, sisi wa nje tutaleta akiba zetu. Wengi wetu tunanunua viwanja tusivyoviishi kwa sababu hakuna kingine cha kununua.

Bajeti ya Wizara ya Maji, Nishati na Madini inasomwa kila mwaka Baraza la Wawakilishi, Chukwani. Mwakilishi wako anakuja mtaani, anakuja mazikoni, simu yake unayo. Muulize kabla ya kikao: Serikali ya Mapinduzi itanunua uniti moja ya sola kwa mwananchi kwa shilingi ngapi, na bei hiyo itakaa miaka mingapi bila kuguswa? Akikujibu kwamba wafadhili wanafanya upembuzi, muulize tena.