Darasa la Chiriku

Kwenye njia ya Naro Moru, Mlima Kenya, ukishapita mianzi na msitu, miti inakwisha na vinabaki vichaka vya kimo cha mtu. Usiku tulikuwa tumelala kituo cha Met, mita 3,050, baada ya kushindilia githeri, mahindi na maharagwe, kama watu wanaokwenda vitani. Hakuna aliyetuambia kwamba ukipanda juu hewa inazidi kuwa nyepesi, na gesi ya tumboni nayo inatanuka. Maharagwe yalijieleza yenyewe asubuhi, njiani, mbali na choo chochote.

Nikawaambia wenzangu watangulie. Nikachagua kichaka kipana, kilichosongamana vizuri, nikazunguka nyuma yake. Kwa baridi ile, na suruali tatu mwilini, kuchuchumaa peke yake ni kazi ya nusu saa. Nilipofanikiwa tu, chiriku akatua juu ya kichaka.

Chiriku wa milimani, yule wa michirizi: rangi ya udongo, kifua kimejaa mistari myeusi, nyusi nyeupe. Urefu wake sentimita 15 hivi, na ningenyoosha mkono ningemgusa. Akachuma mbegu, akaizungusha mdomoni kwa ulimi, akaibana, ganda likanidondokea puani. Akachuma nyingine. Nikampungia mkono aondoke. Akanitazama, akaendelea kula. Ndege wa kule juu wamewazoea wapandaji mpaka heshima imewaisha.

Ndipo nikasikia buti. Kikundi cha wapenzi wa ndege, Watanzania kwa lafudhi yao, kila mmoja na darubini shingoni.

"Simameni," kiongozi wao akanong'ona. "Mtu asitikisike."

Nikatii kuliko wote.

Basi somo likaanza, na mzee yule hakuwa na haraka hata chembe. Akaeleza kwamba chiriku huyu ni wa nyanda za juu, Ethiopia mpaka Tanzania. Kwamba chini huko huingia hadi bustani za watu, na huku mlimani hupanda karibu mita 4,300, kwenye malobelia, ile mimea mikubwa ya mlimani. Magoti yangu yakaanza kutetemeka. Akaeleza ule mdomo mnene ulivyoumbwa kwa kubangua mbegu, ila hadharau machipukizi wala wadudu. Hapo miguu ilikuwa imeshakufa ganzi. Akaingia kwenye kiota: kinajengwa mfano wa kikombe, kwa nyasi kavu, ndani ya kichaka. "Kama hiki hiki."

Githeri ikanguruma.

"Mmesikia?" mmoja akauliza.

"Radi," mwenzake akajibu, na wote wakatazama mbinguni. Mvua ya mlima ule ingenyesha dakika hiyo ningeshukuru, lakini anga lilikuwa jeupe pee.

Kisha mtu akauliza dume na jike wanatofautishwa vipi. Swali la maana kabisa. Angelihifadhi mpaka jioni tu.

"Kwa macho hutawatofautisha," mzee akasema. "Lakini aghalabu hutembea wawili wawili. Mmoja akiwa juu, mwenzake hayuko mbali. Hebu tafuteni huku chini, katikati ya matawi."

Darubini zote zikashuka.

Sijui walichokiona kwanza. Najua niliona vioo vingi vimenikodolea, na hakuna aliyepumua. Mwishowe binti mmoja, ambaye kwao alilelewa akaleleka, akateremsha darubini yake taratibu.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba," nikajibu kutoka kichakani. Sasa ningesema nini?

Chiriku akaruka wakati huo huo, baada ya kunikalia muda wote ule. Mzee akakohoa, akaangalia buti zake, akauliza kwa adabu kubwa kama nimemwona ameelekea wapi. Nikamwonyesha kwa mkono ulioshika karatasi, nao wakamfuata mbio, wote, isipokuwa bwana mmoja aliyebaki nyuma akiandika kitu daftarini.