Mwavuli Si Mkono

Magoti yangu na milima waliachana zamani, tangu siku nilipoteleza na tairi la lori begani pale Busia. Kwa hiyo ukoo wa mke wangu ulipokata shauri kwamba likizo ya Januari tutaila Kidepo, hifadhi ya wanyama kaskazini mashariki mwa Uganda, na kwamba siku ya pili watu wapande mlima Morungole kuwaona Waik, kabila dogo linaloishi huko juu, niliinua mkono mapema kama mtoto wa shule anayeomba kwenda chooni.

"Mimi nabaki chini," nikasema. "Hata huko chini kuna mambo ya kutazama."

Nilidhani nimekwepa msiba. Swali moja tu sikuuliza: nani mwingine anabaki?

Mama mkwe.

Asiyewajua Waganda, kabila la mke wangu, nimweleze. Kwao mwanamume na mama wa mkewe hawagusani. Si mkono, si bega. Ukikosea kuna maradhi yanaitwa obuko, mikono inakutetemeka mpaka chai yote inaishia mapajani. Sisi Wasamia nasi tuna adabu zetu kwa wakwe, lakini mke wangu alinionya tangu tunaoana: mguse mama, utetemeke, na mimi sitakulisha kwa kijiko. Miaka 17 nimeshika sheria. Mama akiingia sebuleni, mimi natokea jikoni. Hata safari hii alikaa kiti cha nyuma kabisa, mimi mbele kwa dereva, na katikati yetu wakapangwa mke wangu, mashemeji wawili, masanduku, na mkungu wa matoke ambao mama aliapa hawezi kwenda nchi ya mtama bila huo. Siku mbili barabarani. Mbale, Moroto tukalala, kisha Kotido, Kaabong, Karenga, na vumbi likatupaka rangi moja sote, Msamia na Mganda huwezi kutofautisha.

Basi alfajiri wapanda mlima wakaondoka na askari wa hifadhi mwenye bunduki, wakitupungia mikono. Tukabaki sisi wawili, dereva, na kijana mmoja Mkaramojong, mwenyeji wa huko, wa kutuongoza. Kijana Kiswahili alikiokota kwenye biashara ya mbuzi na Waturkana. Kiswahili cha mama mkwe ni cha kambini Jinja, maana marehemu mzee alikuwa mwanajeshi: kizuri, kinanyooka, ila neno "tafadhali" halimo. Mimi Luganda changu ni cha kununulia nyanya. Kwa hiyo tulikuwa na lugha moja safi ya kuelewana, na hatukuruhusiwa kuitumia uso kwa uso. Kijana akageuka simu.

"Mwambie mama kuna maji ya kunywa hapa mbele."

Kijana akanitazama, akamtazama mama aliye hatua tatu nyuma yangu. "Si anakusikia?"

"Mwambie tu."

"Mama, anasema kuna maji."

"Mwambie nimesikia."

Hivyo ndivyo tulivyolizunguka bonde la Narus. Nyati walikuwa wengi mpaka nikaacha kuwahesabu, wamesimama wanatutazama kama wadai. Juu ya jabali simba jike amelala, mkia unaning'inia. "Mwambie huyo bwana apandishe kioo," sauti ikatoka nyuma. Nikapandisha. Kijana akaanza hesabu zake: hifadhi ya taifa tangu 1962, kilomita za mraba 1,442, Sudan Kusini ile pale, Kenya kule nyuma ya milima...

"Na choo kiko wapi?" mama akauliza.

Tukafika kwenye mto Kidepo wenyewe. Nasema mto, lakini Januari ni mchanga mtupu, mweupe, mpana, na miti ya mivumo, jamii ya mitende, imesimama kando kama inasubiri feri. Nilitembea katikati ya mto viatu vikavu. Kijana akasema jina lenyewe linatokana na neno lao la kuokota, kwa sababu zamani watu walikuja hapa kuokota matunda ya mivumo wakatengeneze pombe. Mama mkwe alisimama ukingoni chini ya mwavuli wake, mweusi, mkubwa, ncha ya chuma, urithi wa marehemu, akautazama ule mchanga kwa muda mrefu.

"Maji yake wameuza?" akauliza.

Mpaka hapo siku ilikuwa nzuri. Kitumbua kiliingia mchanga mchana, tulipokwenda kutembelea manyatta moja, yaani boma la wenyeji, upande wa Karenga.

Hebu nikueleze mlango. Manyatta ya Wakaramojong imezungushiwa ua wa fito na miiba uliosukwa nene, mrefu kunizidi. Na kwenye ua huo kuna tundu. Halifiki kiunoni. Fito zake za pembeni zimeng'aa kwa kusuguliwa na migongo ya watu. Kijana akaeleza kwa fahari: zama za wizi wa ng'ombe, adui aliyetaka kuingia ilibidi atangulize kichwa, na mwenye nyumba anamngoja ndani na rungu. Nilicheka. Nikasema wazee walikuwa na akili sana.

Watoto wakapita kama panya. Mama mmoja akapita na dumu la maji. Kijana akapita. Tukabaki mimi na mama mkwe, na hapo ikazuka kesi ya adabu: akitangulia yeye ameinama, mimi nyuma nitakuwa natazama nini? Haiwezekani. Nikajitolea.

Kichwa kikapita. Mabega nikayapitisha moja moja. Kifua nacho kikapita, kwa malalamiko. Tumbo likafika mlangoni likauliza njia, likajibiwa hakuna.

Nikarudi nyuma. Kimkoba changu cha kiunoni kikanasa kwenye fito. Nikaenda mbele. Mshipi ukanasa kwingine. Sasa nimekuwa mtu wa nchi mbili: kwa mbele niko ndani ya manyatta, nimezungukwa na watoto kama kumi na mbuzi mmoja; kwa nyuma niko nje juani, na nyuma hiyo inamtazama nani? Sitaki hata kukumbuka.

Kijana akanishika mikono. "Vuta pumzi!"

"Nimevuta!"

"Basi itoe!"

Mbuzi akaja akanilamba sikio, nadhani kwa ajili ya chumvi. Watoto wakaangua kicheko mpaka wawili wakakaa chini. Akaja bibi mmoja mwenye shanga zimepangana shingoni mpaka kidevuni, akachutama, akapima kwa kiganja nafasi iliyobaki kati yangu na fito, akasema jambo kwa upole.

"Mwambie akate hizo fito mbili," nikamsihi kijana. "Nitalipa."

Bibi akajibu maneno mengi. Kijana akatafsiri: "Anasema ua huu wameujenga wao wanawake, kwa mikono yao. Ukikatwa, utabaki kuujenga?"

Nikajaribu kwa nguvu zangu za mwisho. Ndipo niliposikia mlio. Wewe uliyewahi kununua kitenge sokoni unaujua, pale muuzaji anapokipasua kwa mikono miwili. Kraaa, kuanzia mshipi kushuka.

Nje kukawa kimya.

"Kijana," mama mkwe akaita. "Mwambie huyo bwana suruali imefunguka."

Kijana akainama sikioni kwangu. "Mama anasema..."

"NIMESIKIA!"

Miaka 17, ndiyo mara ya kwanza nimkubalie mama mkwe moja kwa moja kwamba sauti yake inanifikia.

Nikasikia hatua zake zikija, zikasimama. Akawa anajisemesha Luganda, polepole, kama hakimu anayepekua kitabu. Kisha akatoa hukumu kwa Kiswahili ili sote tuelewe.

"Sitamshika. Sheria ni sheria. Lakini mwavuli si mkono."

Ncha ya chuma ikatua pale ilipotua.

Sikupita, nilizaliwa. Nilitoka kama ndama, kichwa mbele na kelele juu, nikatua kifudifudi kwenye vumbi mbele ya mzee aliyekaa juu ya ekicolong, kile kigoda chao kidogo ambacho mwanamume hakiachi, mchana kiti, usiku mto wa kulalia. Mzee hakusogea hata unyayo. Akanitazama pale chini.

"Ejoka?" akanisalimu.

"Ejok-noi," nikajibu na vumbi mdomoni, kwamba mimi ni mzima sana.

Nyuma yangu mama mkwe akafunga mwavuli, akainama, na miaka yake 71 akapita kama uzi kwenye tundu la sindano.

Bibi wa shanga akaniletea shuka la mistari myekundu, elfu thelathini. Mimi mtu wa Busia, niliyezaliwa nikipunguza bei, nililipa bila kusema hata "ongea vizuri." Nikajifunga. Vijana wakaanza ngoma yao ya kuruka, mtu anapaa wima kama amesukumwa na springi, wakanivuta nami niingie. Niliruka nimelishika shuka kwa mikono miwili, urefu wa chapati moja. Shangwe niliyoipata haikuwa ya kuruka, hilo nalijua.

Wakati wa kutoka nikasimama mbele ya lile tundu, miguu ikawa mizito. Kijana akanigusa bega akanipeleka upande wa pili, akaondoa matawi ya miiba. Lango! Pana, refu, mtu anapita amenyooka.

"Hili ni la nini?"

"La ng'ombe."

"Na ulikuwa unajua?"

"Wewe mgeni," akasema, "ningekupitishaje mlango wa ng'ombe?"

Jioni wapanda mlima wakarudi wakichechemea, wamejaa sifa: wamefika kwa Waik, wamesikia lugha isiyofanana na ya Wakaramojong hata kidogo, wana picha mia. Mke wangu akanitazama nilivyojifunga.

"Ninyi mmeshindaje huku chini?"

"Tumetembeatembea," nikasema.

Mama mkwe alikuwa upande wa pili wa gari. Hakugeuka. "Mwambie mume wako mwavuli umepinda ncha. Ulikuwa wa marehemu."

Tukirudi nilimnunulia mwingine pale Mbale, mweusi, mkubwa. Ukapita kwa shemeji wa kwanza, shemeji wa pili, juu ya mkungu wa matoke, mpaka kiti cha nyuma. Kwenye kioo cha dereva nikamwona akiufungua, akaufunga. Halafu akaigusa ncha kwa kidole gumba, akaibonyeza mara mbili, akatikisa kichwa kwamba inafaa.