Daraja la Mlenga Shabaha Lisomwe Kwenye Karatasi Yake Mbaya

Kila Jumamosi asubuhi, kabla foleni ya Barabara ya Bagamoyo haijakaza, mimi na wenzangu wanane hukutana katika kiwanja kidogo cha shabaha nje kidogo ya jiji la Dar es Salaam, tukiwa na bunduki za upepo, makopo ya risasi za milimita 4.5 na rundo la karatasi zenye miduara. Hakuna kombe tunaloshindania wala fedha tunayolipwa. Miongoni mwetu wamo walimu, wahasibu, fundi mmoja wa majokofu na muuguzi mmoja, na kinachotukutanisha ni hamu ya kulenga vizuri kuliko tulivyolenga mwezi uliopita. Anayetufundisha ni askari mstaafu ambaye sote tunamwita Afande, na hoja ninayoitetea katika makala haya nimeipata kwake, ingawa ilinichukua karibu mwaka mzima kuikubali.

Siku nilipopata alama 91 kati ya 100 kwa mara ya kwanza, nilimpelekea karatasi ile kwa mikono miwili. Aliitazama kwa makini, akanirudishia, akasema, "Hongera, mwanangu. Sasa niletee iliyo mbaya kuliko zote ulizopiga leo." Iliyo mbaya ilikuwa na alama 64. Akafungua daftari lake, akaandika 64 mbele ya jina langu, akalifunga. Niliumia sana. Niliona kwamba jasho langu limepuuzwa na kwamba mzee huyu hataki kuona mtu akipanda. Leo naamini kwamba alinitendea haki, na kwamba mtu yeyote anayepiga shabaha kwa burudani na kutaka kujua amefika daraja gani anapaswa kujipima kwa njia hiyohiyo: alama ya chini kabisa ya siku ndiyo daraja lake, na iliyo bora ni dalili tu ya anakoweza kufika.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona, karatasi ya bunduki ya upepo ya mita 10 inayotumika katika mashindano ya kimataifa ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Duara la nje kabisa, lenye alama 1, lina kipenyo cha milimita 45.5. Kila duara la ndani hupungua kwa milimita 5, hadi kufikia la 9 lenye milimita 5.5, na katikati kuna nukta ya 10 yenye nusu milimita tu, yaani ndogo mara tisa kuliko upana wa risasi inayoifuata. Kinachomwokoa mlengaji ni kanuni kwamba risasi ikigusa tu mstari, huhesabiwa alama ya duara la ndani. Katika Olimpiki mshindani hupiga risasi 60 za mchujo ndani ya saa 1 na dakika 15, na kwa kuwa mitambo hupima hadi sehemu ya kumi ya alama, risasi moja haiwezi kuzidi 10.9 na jumla haiwezi kuzidi 654. Sisi tunahesabu kwa macho na kwa alama kamili, risasi 10 kwa kila karatasi, karatasi 5 kwa siku.

Madaraja yetu tuliyapanga wenyewe pamoja na Afande: alama 60, 70, 80, 88 na 94. Ili kupanda, karatasi ya chini kabisa kati ya tano za siku lazima ifikie alama ya daraja husika, na jambo hilo litokee katika siku tatu tofauti. Najua kwamba kwingine wanapima vingine. Askari wa jeshi la nchi kavu la Marekani hufyatulia shabaha 40 zinazoinuka na kulala, za karibu zikiwa mita 50 na za mbali mita 300. Akiangusha 23 amefuzu daraja la kwanza, akiangusha 30 amefika la pili, na kuanzia 36 anavaa beji ya juu kabisa. Kwa jeshi kipimo hicho kina maana, kwa sababu linataka kujua haraka nani yuko tayari. Huko huko Marekani, chama cha USPSA cha upigaji wa bastola za mashindano huwapanga wanachama kutoka daraja la chini la D hadi ubingwa mkuu kwa kuchukua matokeo sita bora kati ya manane ya karibuni. Hapa wamekaribia ninachokisema, kwani mtu hapandi kwa bahati ya siku moja. Hata hivyo yale mawili wanayoyatupa ndiyo ambayo mimi ningependa kuyasoma kwanza.

Daraja la kwanza kabisa kwetu halina alama yoyote, nalo ndilo pekee ambalo Afande humrudisha mtu hata kama ameshapita mengine yote. Bunduki huchukuliwa kuwa ina risasi wakati wote. Mdomo wa mtutu haumwelekei mtu kamwe. Kidole hakigusi triga mpaka macho yawe kwenye shabaha. Na kila mmoja ajue kilicho nyuma ya karatasi anayoilenga. Mwenzetu mmoja mwenye daraja la 80 aligeuka kumsalimia mgeni huku bunduki ikiwa mikononi, mtutu ukapita mbele ya watu watatu. Haikuwa na risasi, lakini alikaa wiki nne akiokota karatasi na kuwasimamia wengine bila kufyatua hata mara moja, na hakulalamika. Nalitaja hilo kwa sababu nimewaona watu wakiliita jambo dogo.

Kutoka hapo hadi daraja la 70, kazi yote iko kwenye mkao, na hapa ndipo wanaojifunza peke yao hupotea. Mtu husimama, huona mtutu umeelekea kushoto kwa shabaha, kisha huuvuta kulia kwa mikono. Misuli huvumilia kwa sekunde chache, halafu hulegea wakati uleule triga inapoachia, na risasi hurudi kushoto. Afande alinifundisha kusimama, kulenga, kufumba macho, kupumua mara mbili na kuyafumbua. Pale mtutu unapoelekea baada ya kufumbua ndipo mwili wangu ulipoelekea, na ikiwa si kwenye shabaha, nisogeze miguu wala si mikono. Nilirudia zoezi hilo kwa miezi miwili, nyumbani pia, ukutani, bila risasi. Katika kipindi hicho matundu yangu yalianza kukusanyika pamoja kiasi cha kufunikwa na sarafu ya shilingi 200, lakini chini na kushoto kwa nukta, kwa hiyo alama zilikuwa mbovu. Nilitaka kurekebisha vilengeo mara moja. Alinikataza hadi mkusanyiko ule ujitokeze mahali palepale Jumamosi tatu mfululizo, na alikuwa sahihi, kwa sababu ya pili ulihamia juu. Kama ningegeuza vilengeo wiki ya kwanza, ningekuwa nimerekebisha kosa la mwili kwa bisibisi. Matundu yaliyokaa pamoja mbali na nukta yana thamani kubwa kuliko yaliyotapakaa kuizunguka, hata pale jumla ya alama inaposema kinyume, na huo ndio upungufu mmoja wa alama ninaoukiri.

Kati ya 70 na 88 nilikaa mwaka mmoja na miezi mitano. Mkao ulikuwa umekaa sawa, pumzi pia, lakini karatasi moja kati ya tano iliniangusha kila mara, na nilikuwa nikiitafutia visingizio: jasho lililoingia jichoni, upepo wa kusi uliopenya chini ya paa, mwenzangu aliyekohoa. Ndipo Afande aliponiagiza niongeze safu katika daftari langu. Baada ya kila risasi, kabla sijatazama kwenye darubini, niandike mahali ninapoamini imepiga, kisha niandike ilipopiga kweli. Ili kuweza kujibu, ilinibidi nibaki nimetulia baada ya kufyatua, jicho likiwa bado kwenye kilengeo, niuone mtutu ulikuwa wapi wakati triga inaachia. Wiki za mwanzo nilikosea zaidi ya nusu. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya risasi zangu, zikiwemo zile za 9 na 10, nilikuwa nazifyatua bila kujua nilichofanya. Hapo niliielewa ile 91. Haikuwa yangu. Ilitokea tu mikononi mwangu.

Mtu anaweza kuniuliza, na mwenzangu mmoja aliniuliza kwa ukali, kwamba kwa kipimo hiki Matthew Emmons wa Marekani ni mlengaji wa daraja gani. Mwaka 2004 mjini Athens, katika fainali ya Olimpiki ya bunduki ya mita 50 ya mikao mitatu, alikuwa akiongoza hadi risasi ya mwisho, akaipiga kwenye shabaha ya jirani yake, akapewa sifuri na kushuka hadi nafasi ya nane. Mwaka 2008 mjini Beijing, katika shindano hilohilo, akiongoza tena, kidole kiligusa triga kabla hajawa tayari; risasi ya mwisho ikapata 4.4 na akamaliza wa nne. Swali ni zito na sitaki kulikwepa. Jibu langu ni kwamba medali na daraja ni vitu viwili. Medali huamuliwa siku moja na haina rufaa. Daraja huulizwa upya kila Jumamosi, na karatasi mbaya humchelewesha mtu bila kumfuta. Emmons alirudi London mwaka 2012, akasimama kwenye mstari wa shindano lilelile na kuondoka na medali ya shaba. Kwangu mimi, kurudi huko ndiko kunakoonyesha daraja lake.

Ninachokihofia zaidi katika jiji letu ni haraka ya kuruka. Kijana huja akiwa amepiga karatasi mbili nzuri za mita 10, mwezi wa pili anauliza habari za bunduki ya moto ya kipenyo cha .22 na mita 50, mwezi wa tatu anataka bastola. Kumiliki silaha ya moto nchini kwetu kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na ni sawa kabisa kwamba njia hiyo ni ndefu, lakini hata pasingekuwa na sheria, umbali haumsaidii mtu asiyejua kwa nini risasi yake ya tatu ilikwenda kushoto. Kwenye mita 50 huongezeka upepo, ambao hapa Pwani hubadilika kwa majira kati ya kusi na kaskazi na hugeuka mara kadhaa ndani ya asubuhi moja, na asiyejua makosa yake atayabebesha upepo yote. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Namwomba kijana huyo akae nasi mita 10 mpaka karatasi yake mbaya iseme 80, na huwa nampa daftari jipya kwa fedha yangu ili aanze kuandika siku hiyohiyo.

Mimi mwenyewe nimo katika daraja la 88 tangu Februari. Jumamosi iliyopita nilipiga 95, 96, 94, 95 na 89. Katika ile ya mwisho risasi ya saba ilipata 4, na kabla sijatazama kwenye darubini nilikuwa nimeshaandika kwenye daftari: kulia, mbali, nimekaza bega. Ilikuwa palepale. Nilimpelekea Afande karatasi ya 89 bila kuulizwa, akaisoma pamoja na mstari ule wa daftari, akaandika 89 mbele ya jina langu, kisha akaniambia nipumzishe bega na nije mapema wiki ijayo.