MKS na MKP: herufi moja, plastiki mbili

Kapasita mbili za WIMA, kampuni ya Kijerumani: zote boksi jekundu, zote miguu imeachana milimita 5, zote 0.1 µF (yaani nF 100). Moja ni MKS 2, nyingine MKP 2. Zikimwagwa mezani ni pacha. Kosa la mafundi wengi wa amplifaya, kwa maoni yangu, si kununua kapasita za bei ya chini, ni kununua rangi.

MK ni filamu ya plastiki iliyopakwa metali. Herufi ya tatu ndiyo plastiki: P ni polipropileni, T ni poliesta. Mtego uko kwenye S. WIMA huitumia kwa poliesta, lakini katika msimbo wa Kijerumani KS ni polistirini. Anayekuuzia MKS kwa bei ya polistirini, mrudishie. Za Kichina zina njia yake: CBB ni polipropileni, CL ni poliesta. Na zile zilizoandikwa 104J400 tu? Hapo umeambiwa nF 100, asilimia 5, volti 400. Plastiki hukuambiwa.

Multimita haitakusaidia, itasoma nF 100 kwa zote. Mita ya LCR, inayopima kapasita pamoja na upotevu wake, ikiwekwa kHz 10 inaziumbua: upotevu (D), yaani kiasi cha nishati inayopotea ndani, wa polipropileni unabaki chini ya 0.001, wa poliesta unafika karibu 0.01. Huna LCR? Ibane kwenye mita ya kapasita yenye tarakimu nne, kisha ipulizie draya ya nywele. Polipropileni itashuka kidogo, kama nF 0.8 joto likipanda nyuzi 40. Poliesta itapanda.

Lakini msikimbilie kung'oa kila MKS. Ile ya 1 µF iliyo mbele ya volyum ya kilo-ohm 50 inakata sauti zilizo chini ya karibu Hz 3. Kwenye sauti unayoisikia, volti inayobaki juu yake ni ndogo mno, hivyo poliesta inatosha kabisa. MKP iende kwenye krosova (kigawa masafa) ya twita, spika ya sauti nyembamba, na kwenye filta za toni, ambako kapasita ndiyo inayoamua masafa.

Neno MKP utalikuta pia kwenye kapasita ya X2, ile ya usalama inayokaa kati ya nyaya za umeme, pale umeme unapoingia. Hiyo usiibadilishe kwa 104J400 eti volti ni nyingi: umeme wa 240 V hupanda hadi 340 V kila wimbi, na mishtuko ya volti kwenye laini hupita hapo. Tafuta alama ya X2 na 275 V~ kwenye mwili wake.