Mwalimu wa Shule na Uimbaji wa Wazee wa Faroe

Jógvan Waagstein (1879–1949) alikuwa mwalimu wa shule, mtunzi wa nyimbo na mchoraji katika visiwa 18 vya Faroe, vilivyo chini ya Denmark kaskazini mwa Uskoti. Anahesabiwa miongoni mwa Wafaroe wa kwanza kutunga muziki kwa noti. Je, walimu watunzi kama yeye waliujenga muziki wa kwao, au waliuzika?

Hoja ya kuuzika ina uzito. Wafaroe hawakuwa na ala ya jadi. Walicheza wameshikana mikono kwa duara, hatua mbili kushoto na moja kulia, kiongozi akitoa beti, wengine wakidakia kiitikio, na vishindo vya miguu vikishika nafasi ya ngoma. Tenzi hizo zilipokusanywa karne ya 19 zilipatikana beti kama 70,000. Kanisani waliimba nyimbo za kitabu cha Askofu Thomas Kingo cha mwaka 1699, polepole sana, kila mtu akipamba tuni kwa mikunjo ya sauti yake. Kinanda kikishaingia, mikunjo hiyo inahesabiwa makosa. Mwalimu wa kwaya ya sauti nne lazima awanyooshe waimbaji, na mtoto aliyejifunza kwa babu yake anaambiwa anaharibu wimbo. Hasara hiyo ni ya kweli na inauma.

Ila tuangalie maneno yaliyokuwa yakiimbwa. Nyimbo za Kingo zilikuwa za Kidenmark! Sauti ilikuwa ya wenyeji, lugha ya mtawala. Kwaya ikapindua mambo: mtindo ulitoka ng'ambo, lakini maneno yakawa ya Kifaroe. Nasi tukumbuke hali ya lugha hiyo wakati ule. Tahajia yake ilitungwa na V. U. Hammershaimb mwaka 1846 tu, na kanuni ya shule ya 1912 iliagiza wanafunzi wakubwa wafundishwe kwa Kidenmark, hadi ilipoondolewa 1938. Shairi la Kifaroe likipewa tuni liliweza kumfikia hata mvuvi asiyegusa kitabu. Wimbo wa taifa wenyewe ulizaliwa hivyo: maneno ya mwalimu Símun av Skarði, tuni ya Petur Alberg.

Tuni ya “Mungu Ibariki Afrika” nayo ilitungwa mwaka 1897 na mwalimu wa shule ya misheni huko Johannesburg, Enoch Sontonga, kwa mtindo wa nyimbo za kanisa. Sijasikia Mtanzania akiikataa kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo namtetea mwalimu, ingawa si kwa kila jambo. Densi ya tenzi ilinusurika kwa kuwa ilikuwa na mahali pake nje ya kwaya. Hadi leo kuna vikundi na shule zinazoifundisha. Uimbaji wa Kingo haukuwa na makao makubwa ila kanisani na nyumbani kwa waumini, na kanisani ndiko kinanda kilikotawala. Walimu wangeweza kuwaachia wazee hata ibada moja moja waimbe kwa namna yao. Kwaya za Faroe za leo zina nafasi ambayo Waagstein hakuwa nayo: karne ya 20 wazee walirekodiwa wakiimba, na rekodi hizo zinafaa kusikilizwa mazoezini pamoja na mikunjo yake yote, bila kusahihishwa.