Mongolia: Ukikaribishwa Hemani, Umekopeshwa

Ukitafuta ushauri wa safari ya Mongolia utakutana na orodha ileile ya miiko: usikanyage kizingiti, usielekeze nyayo zako kwenye moto, pokea kitu kwa mkono wa kulia, usipite katikati ya nguzo mbili za hema. Yote ni kweli. Lakini sizipendi orodha hizo, kwa sababu zinamfundisha msafiri kuogopa kukosea na hazimwambii anadaiwa nini.

Chukua hicho kizingiti. Mwaka 1254 William wa Rubruck, mtawa Mkristo kutoka Ulaya, alifikishwa mbele ya Möngke Khan, mtawala mkuu wa Wamongolia. Wakati wa kutoka, mwenzake Bartholomew aligeuka kumwinamia Khan, kisha akaharakisha na kujikwaa kizingitini. Walinzi wakamkamata papo hapo. Alisamehewa kwa kuwa hakuna aliyewaonya wageni hao mapema, ila hakuruhusiwa tena kuingia katika makazi ya Khan. Leo hutakamatwa, lakini wenyeji bado wanaona.

Ger, lile hema la duara linalofunikwa kwa sufu iliyoshindiliwa, ni chumba kimoja tu. Mlango unatazama kusini, jiko liko katikati, upande wa kaskazini ni wa madhabahu na wazee, magharibi hukaa wageni, mashariki ni kwa mama mwenye nyumba na vyombo vyake. Hakuna sebule ya kumpokelea mgeni huku mambo ya ndani yakibaki ndani. Ukiingia umeingia kila mahali kwa mpigo, ndiyo maana heshima inapimwa kwa pale unapokaa na njia unayopita kufika hapo. Na jiko halitupiwi takataka wala kumwagiwa maji, kwa kuwa moto ule ni mtakatifu, tena ndio uhai wa nyumba.

Nchi yenyewe ni kubwa kuliko Tanzania na Kenya zikiwekwa pamoja, na watu wake ni kama milioni 3.5 tu. Usiku wa Januari baridi hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri na zaidi. Kuna baridi kali wanayoiita dzud, ambapo theluji na barafu hufunika malisho na mifugo hufa kwa njaa. Ile ya 2009 hadi 2010 iliua wanyama zaidi ya milioni 8. Katika mazingira hayo, kumfukuza mtu mlangoni ni kumwua. Mfugaji humpa chai mpita njia asiyemjua kwa sababu kesho mwanawe anaweza kupotea akitafuta farasi, na hema la karibu likawa la mtu asiyemjua yeye. Ukarimu ule ni mkopo unaozunguka nyika nzima, na wewe msafiri ukishika bakuli umeingia kwenye hesabu.

Kwa hiyo huniambii kitu ukinionyesha mgeni aliyekwepa miiko yote, akanywa chai ya maziwa yenye chumvi, akapiga picha za watoto bila kuomba, akaondoka na gari lake. Huyo hakukanyaga kizingiti, ila amekula mkopo akatoroka.

Namna ya kulipa ipo. Anza kwa kufika vizuri: hakuna kupiga hodi mlangoni, unapaza sauti ukiwa mbali, “Nokhoi khor!”, ili wamshike mbwa, na mbwa wa huko si wa kuchezea. Usikimbilie shida zako. Uliza kwanza kama mifugo imenenepa, maana hapo ndipo zilipo habari zote za familia. Mzee akikupa chupa yake ya ugoro, ipokee kwa mkono wa kulia, inuse hata kama hutumii, kisha mrudishie. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule jembe ni kuokota mavi makavu ya ng’ombe ya kuwashia jiko, kuchota maji, au kuwazuia watoto wa farasi wakati mama zao wanakamuliwa, kazi inayorudiwa mara kadhaa kwa siku wakati wa kiangazi. Ifanye siku ya kwanza. Zawadi ya unga, mchele au chai itolewe kwa mikono miwili, na usione vibaya isipofunguliwa mbele yako.

Wasomaji Waislamu najua swali lenu. Airag, maziwa ya farasi yaliyochachuka, ina kilevi kidogo, na vodka haikosekani kwenye sherehe. Kukataa kwa mkono ni kumvunjia mtu heshima, lakini kupokea bakuli, kuligusisha midomoni na kulirudisha kunakubalika. Ibn Battuta, msafiri Mwislamu yuleyule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, baadaye alipewa kinywaji hicho katika himaya ya Özbeg Khan, wa ukoo wa Chinggis Khan, mwanzilishi wa dola ya Wamongolia. Alionja, hakukipenda, akampa mwenzake. Nyama ni suala gumu zaidi: kwa desturi kondoo hupasuliwa kifuani na mshipa kukatwa kwa ndani, damu isimwagike ardhini. Kublai Khan, mjukuu wa Chinggis, aliwahi hata kuwapiga marufuku Waislamu kuchinja kwa njia yao. Sema mapema kwamba huli nyama, nao watakupa mtindi na jibini kavu bila kununa. Au nenda magharibi, mkoa wa Bayan-Ölgii, ambako wenyeji wengi ni Wakazakhi Waislamu.

Jambo la mwisho, na hili ndilo linaloniuma. Wageni wengi hulala usiku mmoja Ulaanbaatar na kukimbilia nyikani kutafuta “Wamongolia halisi”, ilhali karibu nusu ya watu wa nchi hiyo wanaishi katika mji huo. Vilima vinavyouzunguka vimejaa ger za wafugaji waliohamia, baadhi yao baada ya dzud kuwamalizia mifugo. Kaeni mjini siku chache zaidi. Dereva wa teksi, mwanafunzi, muuza duka, muulizeni babu yake alikuwa akichunga wapi na alifuga wanyama gani kati ya wale watano wa Mongolia: farasi, ng’ombe, ngamia, kondoo, mbuzi. Kisha mpeni nafasi ya kueleza.